Fundi wa Karabai wa Kibirizi

Baba yangu alitengeneza karabai Kibirizi tangu kabla sijazaliwa. Kwa asiyezijua, karabai ni taa ya mafuta ya taa inayopigwa pampu mpaka mwanga wake unakuwa mweupe wa kuumiza macho. Dagaa wa Ziwa Tanganyika hufuata mwanga, na kwa miaka mingi hapa kwetu hakuna aliyewavua bila taa hiyo. Mtumbwi mmoja ulibeba karabai sita, saba, hata nane. Zote hizo zilikuwa na pampu inayochoka, kioo kinachopasuka na tundu dogo la mafuta linaloziba, na zilipoharibika zililetwa kwa Baba.

Kibanda chake kilikuwa cha mabati, hatua chache kutoka pale mitumbwi inapovutwa mchangani. Ndani palikuwa na meza moja, tupa, koleo mbili, na makopo ya skrubu aliyoyapanga kwa namna ambayo yeye peke yake aliielewa. Mikono yake ilinuka mafuta ya taa hata sikukuu ya Idi. Nilipokuwa mdogo nilidhani ndivyo baba wote wanavyonuka.

Babu, baba yake Baba, hakuwahi kushika karabai. Yeye alivua kwa lusenga, wavu wa mkono wenye mpini mrefu, na moto wa matete makavu uliowaka mbele ya mtumbwi. Bibi alitusimulia kwamba nusu ya ndoa yake ilikuwa kukata matete na kuyakausha, na kwamba Babu alikuwa akirudi asubuhi nyusi zimeungua. Kisha karabai zikaja. Zilikuja pamoja na nyavu kubwa na wageni wenye mashua za injini. Baadaye wageni wakaondoka, karabai zikabaki. Babu aliziita taa za wavivu. Baba, akiwa kijana, akaenda kujifunza kuzitengeneza, na Bibi alisema baba na mwana hawakusemezana msimu mzima.

Mama yeye alikuwa mkaushaji wa dagaa. Asubuhi mitumbwi inapofika, wanawake huwa wameshapanga mabeseni ufukweni. Mama alikuwa mrefu na mwenye sauti, na manahodha wengi walimwuzia kwanza ili awaachie masikio yao. Alianika mchangani kama wenzake wote wakati ule, akageuza dagaa kwa ufagio, akalitazama anga zaidi ya alivyotutazama sisi watoto. Mvua ya ghafla ilikuwa msiba. Dagaa waliolowa huoza siku hiyohiyo, na nyumba nzima hujua.

Maisha yetu yaliendeshwa na mwezi. Siku za mbalamwezi dagaa hawaifuati taa, maana ziwa zima limeangazwa, kwa hiyo wavuvi hupumzika karibu wiki nzima. Wao walishona nyavu, walioa, walilala. Baba ndiyo ilikuwa wiki yake ya kazi. Taa zote za Kibirizi zililetwa kwake kwa mkupuo, naye alizifungua moja moja, akaziosha, akabadilisha ngozi za pampu, akazijaribu, akazipanga mlangoni, kila mtumbwi na zake. Mwezi ukianza kuchelewa kutoka, manahodha walikuja alasiri kuzichukua. Baba alikuwa anavaa shati safi siku hiyo. Sijui kama alijua kwamba tulikuwa tumeliona hilo.

Nilipomaliza kidato cha nne sikuendelea. Nilipata nafasi ya kujifunza ushonaji kwa mama mmoja aliyekuwa na vyerehani vinne pale sokoni Mwanga, mjini. Nilikuwa naondoka nyumbani asubuhi na kurudi jioni. Nilikuwa na miaka ishirini na moja, na tayari nashona sketi za shule bila kusimamiwa, siku Mama alipotokea mlangoni kwa mwajiri wangu. Hakuwa na kawaida ya kuja Mwanga katikati ya wiki.

Alimsalimu mwajiri wangu, akaniombea ruhusa ya saa moja. Tulipotoka nje aliniambia, "Nataka unisindikize dukani. Wewe unasoma maandishi madogo, mimi siyaoni."

"Duka gani?"

"La betri."

Duka lilikuwa mtaa wa nyuma, linauza betri za magari, sola na taa. Wenzake Mama wawili, nao wakaushaji, walikuwa wamekaa kwenye ngazi wakitusubiri. Nilipowaona nikaelewa kabla hajanieleza. Mitumbwi kadhaa ilikuwa imeshaacha karabai na kufunga taa za betri. Ilisemekana wavuvi wa upande wa pili wa ziwa walikuwa wamezianza zamani. Mafuta ya taa yalikuwa yamepanda, na mtumbwi uliomwuzia Mama siku zote ulikuwa unaruka siku, kwa sababu mwenye mtumbwi, mzee mmoja wa Ujiji, hakuwa na uwezo wa kujaza taa nane kila siku. Usipoingia ziwani huleti dagaa. Basi wanawake hao watatu walikuwa wamekubaliana na mzee: wao wanunue taa za betri, na mtumbwi uwauzie wao kabla ya mtu mwingine yeyote.

Nikamwuliza Mama, "Baba anajua?"

Alikuwa anafungua fundo la kanga alilofungia pesa. "Atajua," alisema.

"Mwambie kwanza, Mama."

"Nikimwambia kwanza atanyamaza. Akinyamaza nitamwonea huruma. Nikimwonea huruma sitanunua." Akaniangalia. "Na wewe usiseme. Hili ni langu, nitalisema mwenyewe."

Nikawasomea maandishi ya kwenye betri. Nikamwuliza mwenye duka maswali waliyotaka niulize: zinakaa na chaji muda gani, zikinyeshewa inakuwaje, zikiharibika nani anatengeneza. Swali la mwisho mwenye duka alilicheka kidogo. "Hizi hazitengenezwi, dada," alisema. "Ikifa unanunua nyingine."

Siku hizo zilikuwa za mbalamwezi. Nikirudi nyumbani jioni nilimkuta Baba bado kibandani, karabai zimemzunguka, kichwa chini. Zile nane za mtumbwi wa mzee wa Ujiji zilikuwa humo. Nilizijua kwa rangi ya buluu iliyopakwa kwenye vishikio. Kila jioni nilisema shikamoo, nikapita. Kila jioni nilijiambia Mama atasema leo. Mama alipika, akapakua, akaongea habari za harusi ya jirani, na hakusema.

Siku ya kuchukua taa iliangukia Jumapili, nami nilikuwa nyumbani. Baba alivaa shati lake safi. Manahodha wakaanza kuja, na ingawa walikuwa wachache kuliko zamani, walikuja. Mimi na Mama tulikuwa nje ya kibanda tukichambua dagaa waliokauka, kutoa mchanga na vipande vya majani. Nahodha wa mtumbwi wa mzee alikuja wa mwisho. Alikuwa kijana wa Kagunga, mpole, aliyezoea kumtania Baba kwa Kiha. Siku hiyo hakutania.

"Shikamoo Mzee."

"Marahaba. Zako zile pale. Nimebadilisha pampu mbili, na ile yenye kutu nimeiziba."

Nahodha hakusogea. "Mzee, leo sichukui."

"Hamuingii?"

"Tunaingia." Akamtazama Mama, kisha akatazama mchanga. Alidhani Baba anajua. Niliona usoni kwake alipogundua kwamba huenda hajui. "Tumefunga zile za betri," akasema taratibu. "Mama hapa na wenzake ndio wamenunua."

Mkono wa Mama ulisimama ndani ya ungo. Mimi niliendelea kuchambua kwa sababu sikujua kitu kingine cha kufanya.

Baba alisema, "Ego." Hilo ni ndiyo kwa Kiha. Kisha akauliza, "Betri umeifunga mahali pasipofika maji?"

"Nimeifunga kwenye ndoo yenye mfuniko, Mzee."

"Vizuri. Mwambie mwenye mtumbwi taa zake ziko tayari, aje azichukue akitaka."

Nahodha akaaga na kuondoka. Baba akafuta meza, akarudisha tupa na koleo mahali pake, akafunga kibanda. Alipotupita alimwambia Mama, bila ukali, "Anika hao upande ule, huku kuna kivuli."

Baada ya hapo alinyamaza, kama Mama alivyosema. Hakuwa mtu wa kununa. Alijibu akisalimiwa, alikula, aliuliza habari za kazi yangu. Lakini mazungumzo yake ya kawaida, yale ya nani kavunja kioo na nani kapiga pampu mpaka ikapasuka, yalikatika. Mama alimweleza kila kitu usiku uleule. Niliwasikia chumbani, yaani nilimsikia Mama. Kesho yake aliniambia tu, "Nimesema." Hakuniambia alijibiwa nini. Mimi nilibaki na langu. Sikuwahi kumwambia Baba kwamba nilikwenda dukani.

Mtumbwi ulifanya vizuri. Mama na wenzake walipata dagaa siku ambazo wengine walitazamana. Msimu haukuisha kabla mitumbwi mingine haijafuata, na ningesema uongo nikidai Mama ndiye aliyeua kazi ya Baba. Ingekufa tu. Ila alikuwa mmoja wa waliotangulia, na alikuwa mke wake, na Kibirizi si mahali ambapo jambo kama hilo halizungumzwi. Wapo waliomwita mwanamke shujaa, na wapo waliomwita mengine. Yeye aliendelea na mabeseni yake.

Mara moja tu kazi ilimrudia Baba kwa wingi wa zamani. Umeme ulikatika mjini siku nyingi mfululizo, na betri zote zilikuwa zinachajiwa kwenye vibanda vya mjini. Sola zilikuwa bado chache. Siku ya kwanza wavuvi walivumilia, ya pili wakalalamika. Ya tatu, kabla ya saa sita mchana, walikuwa wamejaa mbele ya kibanda wakiwa na karabai walizozichomoa uvunguni, kwenye mabanda ya kuku, popote walipokuwa wamezitupa. Nyingine zilikuwa na viota vya mende.

Sikwenda kazini siku hiyo. Mama naye aliacha ufukwe. Alisimama mlangoni kwa kibanda akasema, "Niambie nifanye nini."

Baba hakuinua kichwa. "Osha vioo. Maji ya moto, usitumie mchanga."

Tukakaa watatu. Mama aliosha, mimi nilizibua matundu kwa sindano nyembamba kama Baba alivyonielekeza, yeye alifunga na kujaribu. Alikuwa akiongea tena. Alimgombeza mvuvi mmoja aliyefunga mtungi kwa waya, akamwonyesha nahodha wa Kagunga jinsi ya kupiga pampu polepole mwanzoni, kana kwamba yule kijana hakuwa amepiga pampu hizo miaka sita. Kijana akasikiliza yote kwa heshima. Kufikia jua kuzama, kila aliyeleta taa inayotengenezeka aliondoka nayo ikiwaka. Baba alitoka nje akawatazama wakisukuma mitumbwi. Mama alimletea kiti na kikombe cha chai. Alikaa, naye Mama akasimama pembeni yake mpaka chai ikapoa.

Siku mbili baadaye umeme ulirudi.

Baba alikifunga kibanda mwaka uliofuata. Aliuza mabati, akagawa vifaa, akaenda kushughulikia shamba la michikichi aliloachiwa na Babu, mwendo wa saa mbili kwa mguu kutoka barabarani. Alijenga chumba kimoja huko, akawa anarudi Kibirizi Ijumaa kwa swala na kulala siku moja au mbili. Watu waliuliza kama wazazi wangu wameachana. Hawakuachana. Mama alikuwa na ziwa, Baba alikuwa na shamba, na mimi nilipopata cherehani changu na kupanga fremu ya duka mtaa wa Gungu, nilikuwa napokea dagaa kutoka upande mmoja na mawese kutoka upande mwingine.

Kisha serikali ikafunga ziwa. Tangazo lilisema miezi mitatu, hakuna kuvua, samaki wapate kuzaliana. Hata sisi tusio wavuvi tulikuwa tumeona dagaa wanavyopungua, na wachache wanaopatikana wakiwa wadogo kama vipande vya njiti. Hata hivyo tangazo lilishangaza. Mwanamke mmoja aliyeshirikiana na Mama aliuliza kwenye mkutano kama ziwa linafungwa kama duka. Afisa uvuvi, mgeni aliyehamishiwa kwetu kutoka kanda ya kati, alijibu kwa upole kwamba ndiyo, mama yangu, kama duka linalohesabu mali yake. Watu walicheka, kisha wakarudi nyumbani kufikiria watakula nini.

Wavuvi wengi vijana waliondoka. Nahodha wa Kagunga alikwenda kwao kulima. Mama alikaa wiki mbili akifagia chanja tupu, maana wakati huo tulikuwa tumeacha mchanga na tunaanika kwenye chanja za waya. Wiki ya tatu alifunga mzigo akaniambia nimtafutie bodaboda.

"Unakwenda wapi?"

"Shamba, kwa baba yako."

Niliwafuata mwisho wa mwezi kuwapelekea sukari na sabuni. Niliwakuta wakikamua mawese. Mama alikuwa anachochea moto chini ya pipa la chikichi, akilalamika moshi. Baba alikuwa anamwambia asogee upande usio na upepo. Walikuwa na mashaka mengi ya maisha miezi ile, lakini sijawahi kuwaona wakiongea kiasi kile. Walibishana juu ya kila kitu: chumvi, kuni, mbuzi wa jirani.

Mama alipokwenda mtoni nilibaki na Baba. Macho yake yalikuwa yameanza ukungu, akawa anamenya chikichi kwa kupapasa. Nilikuwa na miaka zaidi ya thelathini na nimechoka kubeba jambo lile. Nikasema, "Baba, kuna kitu sikukuambia. Zile taa za betri za Mama. Nilikwenda naye dukani."

"Najua."

"Mama alikuambia?"

"Hapana. Mwenye duka. Alikuja Kibirizi siku ya tatu yake kutafuta wateja, akanisifia binti yangu anayeuliza maswali mazuri." Alitupa chikichi kwenye beseni. "Alinionyesha na taa yenyewe. Ilikuwa nyepesi. Nikaipima mkononi nikaona, basi, kazi imekwisha."

Nikahesabu siku kichwani. Ilikuwa katikati ya mbalamwezi. "Yaani ulijua kabla nahodha hajaja?"

"Nilijua."

"Na ukaendelea kuzitengeneza zile nane? Ulijua hawatazichukua."

Alifikiri, kana kwamba hajawahi kuulizwa na hajawahi kujiuliza. "Zilikuwa zimeharibika," alisema.

Nilimwuliza kama alimkasirikia Mama. Alisema alikasirika, ndiyo, lakini si kwa taa. Alikasirika kwa sababu Mama alidhani atamzuia. "Mimi baba yangu alinikatalia karabai," alisema. "Ningemkatalia yeye betri kwa uso gani?" Kisha akaniomba nimsogezee beseni, na Mama akarudi na ndoo kichwani akiuliza kwa nini moto umeachwa uzimike.

Ziwa lilipofunguliwa nilikwenda Kibirizi asubuhi ya kwanza, nusu kwa biashara ya Mama, nusu kwa udadisi. Ufukwe ulijaa kuliko nilivyowahi kuuona. Waliokuja kununua walitoka mpaka Burundi. Mitumbwi ilipofika, dagaa walikuwa wengi na walikuwa wakubwa, wanang'aa. Mama alipata mabeseni manne. Alichukua dagaa mmoja, akamlaza kwenye kiganja, akampima kwa kidole cha shahada. "Hawa ndio nilioolewa nao," alisema, akamaanisha dagaa wa ukubwa ule, nami nikacheka, naye akaniambia nishike beseni.

Wingi ule haukudumu kama tulivyotumaini. Mwaka uliofuata ziwa lilifungwa tena, na sasa tumezoea. Watu wanapanga harusi na kodi ya nyumba kwa kuhesabia miezi hiyo. Wapo wanaosema taa za sasa zina mwanga mkali mno, zinawaita hata samaki wachanga. Wapo wanaosema ni nyavu. Afisa uvuvi anasema ni vyote. Mimi si mtaalamu. Nashona sare za shule.

Baba hatoki tena shambani, macho hayamruhusu. Mama ameuza nafasi yake kwenye chanja kwa binti wa mmoja wa wenzake, amehamia kwa Baba, anakuja Kibirizi mara moja moja tu, anasimama pale mitumbwi inapoingia na kuwaambia wanawake vijana wasinunue kabla hawajageuza dagaa wa chini. Wiki iliyopita alinipigia simu akitaka nimshonee Baba mashati mawili, mikono mirefu kwa ajili ya mbu. Nilimwuliza rangi. Nikasikia anamwuliza yeye, nikasikia Baba akijibu kwamba kwa vile hazioni, achague Mama. Mama akasema buluu.